Leseni ya Programu na Stara ya Nyumba

Kila anayewasha kompyuta mpya nyumbani kwake huletewa maandishi marefu, na chini yake kitufe cha kukubali. Wengi hukibonyeza bila ya kusoma. Tumeyapitia masharti ya Windows, iliyoenea majumbani mwetu, kwa jicho la fiqhi, na tukaona kuwa yamefunga pamoja mambo mawili yasiyokuwa na hukumu moja.

La kwanza ni milki. Masharti yanasema kuwa programu haiuzwi. Mnunuzi hupewa ruhusa ya kuitumia tu. Wapo wanaodai kuwa hii ni hila mpya isiyo na asili. Si hivyo. Mafaqihi wametenganisha tangu zamani kumiliki kitu chenyewe na kumiliki manufaa yake. Mkulima wa Kizimbani analifahamu hilo bila ya kitabu: kwa desturi ya Unguja, mikarafuu huweza kuwa ya mtu na ardhi ikawa ya mwengine, na waliogawiwa eka tatu tatu, baada ya ardhi kufanywa mali ya Serikali mwaka 1965, walipewa kulima, si kuuza.

Basi sharti la kutonakili linashika. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, iliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Anayesema kuwa kampuni ni tajiri, kwa hiyo nakala ya wizi ni halali, hana hoja. Wala hana dharura, kwani zipo programu za bure. Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2004.

La pili ni stara, na hapa ndipo tunapoyapinga masharti hayo. Windows XP ya mwaka 2001 ilitaka nakala ithibitishwe ndani ya siku 30. Hilo lahusu mali ya kampuni. Ama Windows 10 ya mwaka 2015 ilipeleka kwa kampuni habari za mwenendo wa kompyuta, na toleo la nyumbani halikumpa mwenyewe njia ya kuzizima zote. Mamlaka ya Ufaransa ilitoa onyo mwaka 2016, na ya Uholanzi ikaona mwaka 2017 kuwa sheria imevunjwa. Kampuni ilipunguza kiasi, lakini hata Windows 11 ina habari ambazo mwenye nyumba hawezi kuzizuia.

Suratun-Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini, na Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza upelelezi. Mwenye kupangisha ana haki ya kodi yake. Hana haki ya kuchungulia chumbani. Wakisema kuwa mtumiaji amekubali, tunajibu: idhini hujengwa juu ya ujuzi. Aliyebonyeza maneno ya lugha asiyoijua, bila ya kufahamu kinachochukuliwa wala anayekipokea, hakuridhia, amejahilishwa.

Kwa hiyo mwenye programu apewe haki yake kamili, na mlango wa nyumba ubaki kwa mwenyewe. Wala dhulma ya mmoja isifanywe ruhusa kwa mwengine kudhulumu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.