Bukari Haifungwi Plastiki

Makosa ya mezani mwaka 2024 yalikuwa mengi kwenye barabara yetu hii ya Kolwezi hadi Lubumbashi, lakini moja limeyapita yote, na sitangoja mwisho kulitaja. Ni plastiki. Nyumba moja ya chakula hapa Kolwezi, ile ambayo wengi wenu mnaijua kwa sombe yake ya majani ya mihogo, iliacha kusonga bukari, ugali wetu wa huku, kwa sufuria ndogondogo kadiri wateja wanavyoingia. Siku hizi inasongwa sufuria moja kubwa asubuhi, inakatwa mabonge, kila bonge linafungwa katika plastiki nyembamba, kisha yote yanapangwa ndani ya sanduku la kubebea barafu mpaka jioni. Kabla mwaka haujaisha nilikuta wengine wamekwisha kuiga, Fungurume na Likasi. Uamuzi ule ulikuwa mbaya tangu siku ya kwanza.

Turudi mezani, saa nane mchana. Unauliza, "Mama, bukari ya moto iko?" Anajibu, "Iko, Baba, ya moto kabisa," wala hasemi uongo, maana ukigusa plastiki unasikia joto. Anaichana kwa kucha. Matone yanamwagika sahanini kabla bonge halijatua. Uso wake unateleza, na ukimega, katikati pamekaza. Tonge unaloviringisha halishikamani. Ukilibonyeza kwa kidole gumba upate kishimo cha kuchotea sombe, kingo zinapasuka na mafuta ya mawese yanakutiririkia hadi kiganjani. Mliokula pale mliona yaliyofuata: watu wazima wakiomba uma. Bukari kwa uma, katika Katanga hii!

Anayejua kinachotokea ndani ya sufuria hashangai. Chembe za wanga wa mahindi huanza kunywa maji na kuvimba kwenye nyuzi 62 hivi, na zikifika 72 nyingi zimekwisha kulainika. Sisi wa Kolwezi tunaishi kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,400, kwa hiyo maji yetu yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100 kama Mombasa au Dar es Salaam. Ndiyo maana msongaji mzuri wa huku hauharakishi uji. Anauacha utokote na kurusha hadi harufu ya unga mbichi iondoke, ndipo anaongeza unga na kukamata mwiko. Unga wa mihogo, kwa wanaochanganya, unafuata mwishoni, kidogokidogo, ili bukari ivute. Baada ya hapo ni kazi ya mkono: kukandamiza kwenye ukingo wa sufuria, kugeuza, kukandamiza tena, mpaka kusibaki kidonge hata kimoja. Yote haya nyumba ile inayafanya vizuri, na msongaji wao ana mkono.

Kuharibika kunaanza baada ya mwiko kutolewa. Bukari ikipoa, wanga uliokuwa umefunguka unajifunga upya na kukaza, na maji yaliyokuwa ndani yake yanasukumwa nje. Ikifunikwa kwa sahani au kitambaa safi, mvuke unapata pa kutokea, na uso wa bonge unakauka kidogo tu, kiasi cha kushikika. Ikibanwa ndani ya plastiki, mvuke hauna pa kwenda, unageuka maji, na maji yanarudi kukaa juu ya bonge. Kwa hiyo nje utelezi, ndani ukavu, na hakuna mchuzi wa kuuponya ukavu huo. Lile sanduku wanalolitegemea ndilo linalozidisha ubaya, kwa sababu joto linashuka humo polepole mno. Bonge linakaa saa nyingi chini ya nyuzi 60, vuguvugu lile lile ambalo Bacillus cereus hulipenda, kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Hapa tunazungumzia chakula cha watu wanaotoka zamu ya mgodini na tumbo tupu, ambao kesho alfajiri wanatakiwa warudi kazini wazima.

Utetezi wao nimeusikia wote. Wa kwanza ni unga. Ni kweli mwaka ulikuwa mgumu: tarehe 29 Februari Zambia ilitangaza ukame wake kuwa janga la taifa, na sisi tunaotegemea sana mahindi na unga wa upande ule tukaumia sokoni. Mwezi Agosti mpaka wenyewe na Zambia ukafungwa siku chache, kwa mzozo uliotokana na Kongo kuzuia vinywaji vya nje. Lakini unga ukiwa ghali ndipo unaposonga kidogokidogo! Anayesonga mlima asubuhi anabahatisha idadi ya wateja, na mabonge yanayobaki jioni hayana mnunuzi. Nimeyaona yakitumbukizwa kwenye ndoo ya nguruwe pamoja na plastiki zake.

Wa pili ni haraka: basi la kampuni linasubiri, watu wana dakika chache. Sufuria ndogo huiva kwa dakika 20 hivi. Mwenye majiko mawili ya makala akiyapishanisha, moja likianza uji wakati jingine linapakuliwa, foleni haikatiki na hakuna anayengoja sana. Wa tatu ni usafi, na huo ndio unaoniudhi, kwa sababu unasemwa kana kwamba wazazi wetu walikula uchafu. Nzi anazuiwa na kifuniko. Mkono unasafishwa kwa maji na sabuni. Tena kuna dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki na vifungashio vyake, hata zile karatasi nyembamba za kufungia. Tunajua inavyofuatwa; mvua moja tu, na mifereji ya Manika na Dilala inatuonyesha. Mwenye mkahawa hangojei askari ili atii sheria inayolinda hata chakula chake mwenyewe.

Linganisheni na foleni ya malori kuelekea Kasumbalesa. Mwaka huo nilisafiri njia hiyo mara nyingi, na pale ambapo magari yalikwama nilijifunza zaidi kuliko kwenye viti vya kitambaa. Dereva mmoja wa Kitanzania, mzigo wake wa shaba ukiwa juu, alifungua sanduku la vyombo chini ya trela, akatoa jiko dogo la gesi na sufuria iliyopondeka. Alichuchumaa, akaishikilia kwa kitambaa, akasonga bila kuzungumza na mtu. Ugali ukageuzwa kwenye sahani ya bati, sufuria ile ile ikawa kifuniko, na kabla ya dakika 5 kupita yeye na utingo wake walikuwa wananawa. Wao wanaupenda mgumu kuliko sisi, na hawatii mihogo. Si mtindo wangu. Lakini tonge lilibonyea na kishimo kilishika dagaa. Kando ya barabara, katika vumbi lile, mtu huyo aliiheshimu kazi kuliko nyumba ile yenye jenereta uani.

Mtanivumilia nirudie la sombe, kama ninavyolirudia kila Desemba. Kinu kinaponda majani na kuacha nyuzi fupi zinazotafunika. Mashine ya kusagia inadai maji, na inatoa uji wa kijani. Kuponda ndiko kunakoifungulia njia sianidi iliyomo majanini, na kuchemsha kwa muda mrefu ndiko kunakoitoa. Wenye mashine wakiona majani yamekwisha kulainika wanapunguza moto mapema, wanaongeza mafuta ya mawese yafunike uchungu. Wenye nyumba ile, kwa haki yao, bado wanatwanga. Inauma kuona sombe ya namna ile ikipewa bonge la plastiki kuwa mwenzake.

Kosa jingine la mezani ni tomson: samaki huyu wa barafu kutoka Namibia anakaangwa katika kila meza ya mji huu, wakati ziwa la Nzilo, nyuma ya bwawa lililojengwa miaka ya 1950, liko jirani yetu. Nimelisema sana, nitalisema tena.

Mengine yalikwenda vizuri. Michopo (nyama choma) ya Likasi haikushuka. Bowa (uyoga) za barabarani wakati wa mvua zilikuwa safi, munkoyo wa Fungurume, kile kinywaji cha mahindi, ulichacha kwa kiasi chake, na vinkubala (viwavi) vilikaangwa bila kuungua.

Wanaosema biashara ya leo haiwezekani bila plastiki hawaikumbuki Musonoi, kambi ya wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi. Kambi hii ilikula unga wa mposho tangu enzi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, na iliendelea kuula Gécamines ilipochukua nafasi yake mwaka 1967. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, kisha mishahara ikaanza kukawia na kukatika, wake wa wafanyakazi ndio waliobeba nyumba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ameyaandika maisha ya watoto wa Shaba walioachwa na kampuni iliyokuwa baba yao. Mimi naongeza habari ya sufuria zao tu. Wamama wale waliweka meza nje ya nyumba za kambi, wakiwa na makala, sufuria mbili ndogo na maji ya kubebwa kichwani. Bukari ilipoiva waliipakua kwa bakuli lililolowanishwa, wakalizungusha mara mbili tatu, bonge likatoka duara na uso wake unang'aa, likawekwa kwenye sahani ya bati na kufunikwa kwa sahani nyingine iliyopinduliwa. Ya pili ilikuwa tayari imeanza kutokota. Hawakuwa na sanduku wala umeme wa uhakika, na unga wao ulikuwa wa kuhesabu vikombe. Katika mikahawa yote niliyokaa mwaka 2024, kuanzia hapa hadi Lubumbashi, sikukuta mkono unaoufikia wao.

Aliyekaribia ni mama mmoja anayepika hapa Musonoi, kwa namna ile ile ya sahani mbili. Nilimkuta sufuria ni tupu. "Baba, ngoja kidogo, ninasonga," akasema, akaweka maji motoni mbele yangu, na bukari iliyotoka pale ndiyo ninayoiweka juu ya zote za mwaka 2024; ya dereva wa foleni ni ya pili. Nyumba ya plastiki nimeiondoa kwenye orodha, pamoja na sombe yake nzuri, mpaka izirudishe zile sufuria ndogondogo. Wanaomtafuta mama huyo wawahi: ikifika saa tisa unga wake wa siku umekwisha, naye hasongi wa kesho.