Sikio Geni na Muziki wa Graindikoo

Mtoto akilishwa chinsaga kwa mara ya kwanza hukunja uso na kutema. Akiisha kukua, aweza kusafiri kutoka Nairobi mpaka Kisii akiitamani mboga ile ile, na uchungu wake ndio anaoutamani. Mboga haikubadilika, ulimi ndio uliofundishwa. Sikio nalo lina mafunzo yake.

Jambo hili nililisahau jioni moja katika chuo cha ualimu. Mwanachuo mmoja, mwenyeji wa Nyamira, alikuwa akisikiliza muziki katika simu yake, nami nikamwamuru azime makelele yale. Alizima kwa adabu, kisha akaniuliza, "Uniwie radhi, Mwalimu. Umeyasikiliza, au umeyasikia tu?" Nilikosa jibu, nikaona haya. Siku zilizofuata nilikaa kitako nikasikiliza.

Muziki ule huitwa graindikoo. Ulizaliwa Uingereza katika miaka ya 1980. Kundi la Napalm Death, kutoka upande wa Birmingham, mji wa viwanda, lilitoa albamu iitwayo Scum mwaka 1987: nyimbo 28 katika muda wa kama nusu saa. Wimbo mmoja kati ya hizo haufiki sekunde mbili. Ngoma hupigwa kwa kasi hata mapigo yakaungana, mfano wa mvua ya mawe juu ya mabati. Magitaa hukwaruzwa makusudi, na mwimbaji hunguruma. Maneno yao hulaani vita, na makampuni makubwa yamfanyayo mtu kuwa chombo. Hasira ya namna hiyo haivai vizuri vazi la sauti tamu.

Mtu wa Gusii hana sababu ya kustaajabu sana. Obokano, kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, hakina sauti laini. Mvumo wake ni mzito, tena una mkwaruzo ndani yake. Na mkwaruzo huo si kosa la fundi, bali ndio utamu wenyewe. Zamani za ukoloni wageni wengi walizisikia ngoma za Afrika wakaziita makelele. Tuliudhika, na ilikuwa haki yetu. Je, yafaa leo tumpimie mwingine kwa kipimo tulichokikataa sisi wenyewe?

Wala mwingine huyo hayuko mbali. Mwaka 2020 Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu iitwayo Duma, ambalo pia lilikuwa jina la kundi lao. Ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili atamfikiria mnyama mwenye mbio, na mbio zimo; lakini wao walilitoa jina hilo katika Kikuyu, likiwa na maana ya giza. Mahali pa mpiga ngoma waliweka mapigo yaliyotungwa kwa mitambo, yakivuka mwendo wa mkono wa binadamu. Hapo ndipo ninapowasifu: hawakuiga Birmingham, bali walichukua mbegu wakaipanda katika udongo mwingine.

Hata hivyo sifa isizibe macho. Maneno ya nyimbo zao ni shida kuyatambua, nasi tuliolelewa kwa tenzi na methali twapenda neno lisikike. Tena ghadhabu isiyopumzika huchosha. Aliyekasirika mchana kutwa, jioni hasikilizwi na mtu.

Basi, kijana, ukitaka kuujaribu muziki huu, anza na wimbo mmoja, na sauti iwe ya kadiri. Mara ya kwanza fuata ngoma peke yake. Mara ya pili fuata sauti ya mwimbaji. Mara ya tatu sikiliza vyote pamoja. Ukiisha kufanya hivyo na bado huupendi, sema hivyo bila hofu, kwa maana hukumu yako itakuwa ya mtu aliyesikiliza. Yangu ya jioni ile haikuwa hivyo, na mwanachuo wangu ndiye aliyenifundisha.