Undugu wa Lugha Haupimwi kwa Macho

Mzee mmoja wa huku kwetu aliniambia ya kuwa Kiswahili ni mtoto wa Kijerumani, maana shule ni Schule, na hela imetoka katika Heller, fedha ya Wajerumani. Asili ya maneno hayo mawili ni kweli, walakini hukumu ya mzee si kweli. Aliyeazima jembe kwa jirani hawi mwanawe. Hata Schule yenyewe Wajerumani waliipata katika Kilatini, na Kilatini katika Kiyunani.

Basi, undugu wa lugha hujulikanaje? Hujulikana kwa maneno ya nyumbani, kama ya hesabu, na kwa sauti zigeukazo kwa kanuni. Tatu kwa Kijerumani ni drei, kwa Kiingereza three, kwa Kilatini tres, na kwa Kigujarati, lugha ya Wahindi wengi wenye maduka, ni tran. Tazameni tena: penye d ya Kijerumani, Kiingereza kina th: drei na three, denken na think, Ding na thing. Kwa hiyo Kijerumani na Kiingereza ni ndugu wa karibu, na Kigujarati ni jamaa yao wa mbali. Lakini Kihungaria, jirani wa mpakani, si jamaa yao. Ujirani si undugu.

Sasa tuje kwetu. Tatu ni -tatu kwa Kinyakyusa, na -datu kwa Kihehe. Mtu ni umundu kwa Kinyakyusa, na munu kwa Kihehe. Mjerumani Wilhelm Bleek ndiye aliyeipa jamaa yetu jina la Bantu. Mwaka 1899 Carl Meinhof, mchungaji, akatoa kitabu cha sauti za lugha hizo. Na katika chapa ya Kiingereza ya mwaka 1932, Kinyakyusa, kwa jina la Kikonde, kimepimwa pamoja na Kiswahili na Kizulu. Kitabu hicho nakisifu. Chatufundisha ya kuwa nt ya lugha mama imekuwa nd kwa Wanyakyusa, n kwa Wahehe, na t kwa Waswahili. Hakuna aliyeharibu neno la mwenziwe.

Lakini kitabu chake cha mwaka 1912, juu ya lugha alizoziita za Kihamu, nakikosoa. Humo aliweka Kimasai, Kihausa, Kifulani na Kinama katika nyumba moja, akichanganya habari za lugha na rangi ya ngozi na ufugaji wa ng'ombe. Aliacha kipimo chake chema, akapima watu kwa macho. Mwaka 1963 Joseph Greenberg wa Marekani alionyesha ya kuwa lugha hizo nne ni za jamaa mbalimbali. Kimasai, kwa mfano, ni ndugu wa Kijaluo.

Walakini tusimcheke Meinhof peke yake. Nilipokuwa mwanafunzi, mwenzetu mmoja alisema munu darasani, nasi tukamcheka kana kwamba amevunja Kiswahili. Nami nilicheka. Tangu siku ile hakuinua mkono tena. Leo nafahamu ya kuwa neno lake lilihifadhi ile n ya kale ambayo Kiswahili kimeipoteza. Tulimcheka mtunza urithi.

Basi, walimu na wazazi, mtoto asemapo neno la kwao, msimwambie amekosa. Mwambieni, hili ni la Kihehe, na lile ni la Kiswahili, nayo ni ndugu.