Beryl na Kamba za Mikokoni: Boti Huokolewa Siku Tatu Kabla

Asubuhi ya tarehe 1 Julai 2024, kimbunga Beryl kilipiga Carriacou, kisiwa kidogo cha Grenada katika Bahari ya Karibi. Kilikuwa cha daraja la 4, na upepo wake ulifikia kilomita 240 kwa saa. Upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye ghuba ya Tyrrel, boti nyingi za matanga zilikuwa zimeingizwa ndani ya mikoko na kufungwa kwa kamba. Baadhi ya boti hizo ndizo zilizokuwa nyumba za wenyewe. Mikoko hiyo imekuwa kimbilio la mabaharia kwa miaka mingi, lakini safari hii haikutosha. Milingoti ilivunjika, boti zikapandiana, nyingine zikazama. Wengi waliozifunga walikuwa mabaharia wazoefu, na ndiyo maana kazi yao inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Tuanze na nguvu yenyewe. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 60 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 17 hivi. Ule wa kilomita 240 husukuma kwa kilo 270 au zaidi, yaani mara 16. Kwa hiyo baharia huanza kwa kuivua boti kila kinachoshika upepo. Hushusha matanga yote na kuyatia ndani, hasa lile la mbele linalozungushwa kwenye waya, kwa kuwa upepo ukipata upenyo mdogo tu hulifungua lote na kuling'ang'ania mpaka kitu kivunjike. Paneli za sola, vivuli vya turubai na kimashua cha kwendea pwani navyo huondolewa.

Kisha zinakuja kamba. Mikoko huvunja mawimbi, na mizizi yake imejikita vizuri. Kamba hufungwa chini kwenye mashina, tena kwa kugawa mzigo kati ya miti kadhaa, maana tawi halina nguvu hiyo. Zitoke omo na tezi, yaani mbele na nyuma, kushoto na kulia, na nanga ziwekwe upande wa maji. Sababu ni jicho la kimbunga, yaani kitovu chake tulivu. Kaskazini mwa ikweta pepo hizi huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Kimbunga kinapokuja kutoka mashariki na jicho likapita juu yako, upepo wa kwanza hutoka kaskazini, hufuata utulivu wa muda mfupi, halafu upepo hurudi kwa kishindo kutoka kusini. Aliyejifunga kwa upande mmoja ameokoka nusu tu ya dhoruba. Kamba ziachiwe pia urefu wa kutosha, kwa sababu bahari hufura na kuiinua boti.

Mara nyingi kamba nzima haikatwi na mvuto. Hukatwa na msuguano, pale inapopinda ukingoni mwa boti. Naili hunyumbuka na kumeza mishtuko, lakini ikivutwa na kulegea mara maelfu, nyuzi zake husuguana na kupata joto kwa ndani, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Ufundi mzuri ni kuunganisha: poliesta isiyonyumbuka sana ipite ukingoni, naili ifuate mbele yake. Sehemu ya msuguano ivikwe kitambaa kigumu kinachopitisha maji ya kupoza. Bomba la plastiki huzuia maji na kuhifadhi joto lile lile.

Hata hivyo, hayo yote yanalinda boti moja tu. Mikokoni boti hukaa ubavu kwa ubavu, na moja ikikatika kamba huwaangukia majirani na kuzielemea kamba zao. Udhaifu wa boti iliyofungwa vibaya unakuwa udhaifu wa safu nzima. Hapa ndipo ninapoona mpaka wa ufundi wa kamba.

Kilichobaki ni muda. Tarehe 28 Juni Beryl ilikuwa mgandamizo mdogo tu wa kitropiki. Siku iliyofuata ikawa kimbunga kamili, na tarehe 30 ikafika daraja la 4. Kutoka Carriacou hadi Trinidad ni karibu kilomita 200, mwendo wa saa 20 kwa boti inayokwenda kilomita 10 kwa saa. Wengi waliokimbilia kusini mapema walinusurika na boti zao. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini anayengoja mawingu ya kimbunga hana tena muda wa kuondoka.

Pwani ya Tanzania ilionywa na kimbunga Hidaya Mei 2024. Huku kusini mwa ikweta mzunguko ni kinyume: kimbunga kikitoka mashariki, upepo wa kwanza huvuma kutoka kusini. Hesabu ya muda, hata hivyo, ni ile ile. Anayeishi botini aandike mapema saa za kuvua matanga, saa za kufunga kamba na saa za safari, azijumlishe, aongeze za akiba. Utabiri ukionyesha kwamba saa zilizobaki zinakaribia jumla hiyo, aondoe boti. Kama haiwezekani, aifunge vizuri, kisha yeye na jamaa zake washuke wakalale kwenye jengo imara nchi kavu. Boti hununuliwa tena.