Fundi wa Ekzosi na Sauti ya Injini

Katika ufundi wa magari, kazi ya kutengeneza ekzosi, yaani mfumo mzima wa mabomba unaopokea moshi kutoka kwenye injini na kuutolea nyuma ya gari, haijapewa heshima inayostahili, kwa kuwa wengi huihukumu kwa masikio peke yake na kuiona kuwa kazi ya kuongeza kelele. Mwenye gari la kasi anayejiuliza kama aing'oe ekzosi iliyotoka kiwandani na kufunga nyingine hutafuta jibu katika duka la vipuri, ilhali jibu lenyewe limo katika maarifa ya fundi anayekata, kupinda na kuchomelea mabomba hayo.

Maarifa hayo huanzia kwenye mwendo wa gesi. Kila valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi ya moto hufumka kwa mpigo mmoja, na mpigo huo husafiri bombani ukiwa wimbi la kanieneo, yaani msukumo wa gesi; wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa imegeuka kuwa mvuto, na ikirudi kwa wakati unaofaa husaidia kufyonza mabaki ya moshi yaliyosalia ndani ya silinda. Kwa hiyo urefu na kipenyo cha bomba huamua injini ipate nguvu katika mzunguko wa chini au wa juu, na bomba pana kupita kiasi huipunguzia gesi kasi hata gari lisilo na tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi, likawa zito linapoondoka. Dai linalorudiwa sana katika gereji, kwamba injini huhitaji moshi uzuiliwe kidogo ili iwe na nguvu, limetokana na kuyaona matokeo hayo bila kujua chanzo chake, kwani kinachohitajika ni kasi ya gesi, na kizuizi hakijapata kuifaa injini ya namna hiyo.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki ni Subaru Impreza, gari ambalo Colin McRae alishindia Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na ambalo wapenzi wake Nairobi hulitambua kwa mngurumo kabla halijaonekana. Injini yake ni ya boksa, yaani silinda zake nne zimelazwa ubavu, mbili kila upande, na tabo imewekwa upande mmoja tu. Basi katika matoleo mengi ya zamani moshi wa upande wa pili hulazimika kupita chini ya injini kwa njia ndefu zaidi, na mipigo hufika kwenye tabo kwa vipindi visivyolingana. Mngurumo ule unaopendwa ni kutolingana huko kunakosikika. Anayefunga manifoldi, yaani mabomba ya kwanza yanayoshikana na injini, yenye urefu ulio sawa, huupa moshi mtiririko mzuri zaidi, lakini mngurumo hutoweka, na wapo waliolipa fedha nyingi wakaja kulisikia gari lao wasilitambue. Fundi mwaminifu husema hayo kabla hajashika msumeno.

Uzuri wa kazi yenyewe huonekana katika kona na mishono. Bomba likipindwa ovyo hubonyea ndani ya kona na njia ya gesi ikawa nyembamba, kwa hiyo fundi stadi huingiza kiini cha chuma ndani yake wakati wa kulipinda ili kipenyo kisibadilike. Tena anapochomelea chuma kisichoshika kutu, hujaza gesi ya agoni ndani ya bomba pia, kwa sababu hewa ikiufikia mshono ungali moto, upande wa ndani huungua, ukawa na chembechembe na kudhoofika. Mshono huo wa ndani hautaonwa na mteja maisha yake yote, na bado fundi huulinda. Hapo ndipo ustadi wake unapostahili kusifiwa kuliko mng'ao wa ncha ya bomba. Titani, ambayo uzito wake ni kama asilimia 57 ya uzito wa chuma kwa ujazo ule ule, hudai uangalifu mkubwa zaidi, maana ikigusana na hewa ingali moto sana hugeuka dhaifu na kupasuka.

Kuna mambo mawili ambayo fundi wa namna hiyo hayafanyii mzaha. La kwanza ni kichocheo, kile chombo chenye madini ya platini, paladi na rodi kinachogeuza moshi wenye sumu kuwa kabonidioksidi, mvuke wa maji na naitrojeni. Kukiondoa ili kupata nguvu kidogo ni kuwabebesha wapita njia gharama ya starehe ya mtu mmoja. La pili ni kompyuta ya injini, kwani bomba la baada ya tabo likifunguliwa sana, tabo inaweza kusukuma hewa kupita kiwango kilichopangwa, petroli ikapungua kwa kulinganishwa na hewa hiyo, na pistoni zikaungua.

Basi mwenye gari lenye tabo na aache manifoldi ya kiwandani ikiwa anaipenda sauti yake, abadilishe bomba la baada ya tabo pamoja na sailensa iliyopimwa vizuri, abakize kichocheo, na atenge fedha za kurekebisha kompyuta kabla ya kununua bomba lolote. Fedha hizo zisipokuwapo, ekzosi ya kiwandani ibaki mahali pake.