Nipe Mji: Mwongoza Mchezo na Mgao wa Duara

Makongolosi, neno duara lina kazi mbili. Watoto wanaosikiliza hadithi wamekaa duara. Mchimbaji anayesema anakwenda duarani, anashuka kwenye shimo la dhahabu. Kwa sababu hiyo mchezo wa Dungeons & Dragons, ukiuleta huku wilayani Chunya, unasomeka tofauti na unavyosomeka kwenye vitabu vyake. Jina lenyewe ni la mahandaki ya chini ya ardhi na majoka. Wahusika wanashuka gizani, wanakutana na hatari, wanapanda na dhahabu. Kwa Wamarekani walioubuni, hiyo ilikuwa burudani ya mwisho wa wiki. Kwa mji uliokulia kwenye dhahabu ya Lupa, iliyovuta watu tangu miaka ya 1920 na 1930, hiyo ni kazi ya Jumatatu asubuhi.

Kwa asiyeujua, mchezo unachezwa hivi. Watu wanne hadi sita wanakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi. Mmoja wao, mwongoza mchezo, hana mhusika wake peke yake. Yeye anabeba dunia nzima. Anaeleza wanachokiona, kisha anauliza: unafanya nini? Jambo likiwa na mashaka, dadu yenye pande 20 inaamua. Wachezaji hawashindani wao kwa wao. Hadithi inapatikana palepale, kwa midomo ya waliopo.

Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu mwaka 1974, kijitabu chao kilimwita mtu huyo mwamuzi, maana mchezo ulizaliwa kwenye michezo ya vita ya vinyago vya askari. Baadaye akaitwa bwana wa handaki. Majina hayo mawili yanaeleza tatizo. Mwamuzi analinda sheria, bwana anamiliki mahali. Hakuna kati yao ambaye kazi yake ya kwanza ni kumpokea mtu. Ushauri mwingi unaotolewa kwa waongozaji wapya unajaribu kuziba pengo hilo kwa tabia njema: tabasamu, kuwa mvumilivu, mweleze mgeni sheria polepole. Si ushauri mbaya, ila unaishia mlangoni. Nadhani ukarimu wa mwongoza mchezo si tabia, ni mgao. Maswali yake ni mawili tu: nani anapata zamu ya kusema, na anayekosea anabaki na nini?

Wachimbaji wadogo wanalielewa hili bila kuelezwa. Mawe yakitoka shimoni yanagawanywa kwa mifuko: kuna ya mwenye leseni, ya mwenye duara, ya waliochimba. Mwenye duara anaweza kuwa mcheshi kuliko watu wote, akawanunulia vijana soda kila jioni. Utamjua siku ya mgao. Mezani nako, mfuko ni muda. Mwongozaji mcheshi anayetumia saa mbili kati ya tatu kusimulia dunia aliyoibuni mwenyewe amewakaribisha watu kumtazama akicheza.

Hapo ndipo ninapoona kwamba sisi tulikuwa na kanuni nzuri zaidi kabla ya dadu ya pande 20. Fikiria kitendawili. Mtegaji hasemi neno mpaka aitikiwe "tega", kwa hiyo anaanza kwa kuomba ruhusa. Wanaotegewa wakishindwa, hawatolewi mchezoni. Mtegaji anadai: nipe mji. Wanampa Mbeya, anaweza kuukataa. Wanampa Dar es Salaam, anaupokea, ndipo anafumbua. Tumeuzoea mzunguko huo hadi hatuoni ulivyo wa ajabu. Aliyeshindwa ndiye anayetoa. Kukosa kwake kumeongeza mahali kwenye mchezo, na wote wanangoja kusikia atataja wapi.

Likizo ndefu iliyopita niliongoza kundi la watu sita hapa nyumbani, kwenye chumba cha nyuma ya duka. Vitabu vya mchezo vimeandikwa kwa Kiingereza, nasi tulicheza kwa Kiswahili. Mmoja wetu alikuwa dada anayeuza chakula karibu na stendi. Jioni mbili za kwanza alisema "napita" kila zamu ilipomfikia, kwa sababu wengine walijua mchezo na yeye aliogopa kutupa vibaya. Jioni ya tatu dadu yake ilitoa 2, namba ya aibu. Kwa kanuni za kitabu, mhusika wake angepotea njia na tungeendelea. Nikamwambia, "Dada, nipe mji." Akacheka, akasema Tunduma. Basi wahusika wetu wakatokea kwenye mpaka wenye foleni ya malori isiyokwisha, na yeye peke yake ndiye aliyejua watu wanalala wapi pale, chai inauzwa saa ngapi, nani anajua njia ya kupita pembeni. Kwa saa nzima iliyofuata, sisi ndio tuliokuwa wageni.

Lakini nisiipambe jadi kupita kiasi. Katika makala yake ya mwaka 1989 kwenye jarida la Mulika, M. M. Mulokozi alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba hadhira ni sehemu yake pamoja na fanani, mahali na wakati. Wengi wetu tulilikariri hilo shuleni kwa ajili ya mtihani. Tukiliangalia vizuri, hadhira ya hadithi zetu inaitikia "pakawa", inaimba kiitikio, inacheka, inashangaa, ila mara chache inaruhusiwa kubadili mwisho. Tena duara la jadi mara nyingi lina ngazi: mkubwa anasimulia, mdogo anasikiliza, na mdogo akiogopa zimwi anaambiwa avumilie. Ruhusa inaombwa mwanzoni, basi. Katikati ya hadithi hakuna mlango wa kutokea.

Katika hilo wachezaji wa leo wametuzidi. John Stavropoulos, Mmarekani, alibuni kadi yenye alama ya X inayowekwa katikati ya meza. Yeyote akiigusa, jambo linalosimuliwa linaondolewa, na haulizwi sababu. Wengine huanza kwa kikao cha kukubaliana mambo yatakayokaa nje ya hadithi. Mtu anaweza kuyaona hayo kama mapambo ya watu wenye nafasi. Mimi nilifanya kikao hicho hapa, na kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi duarani alisema sentensi moja tu: "Dada, kufukiwa kusiwepo." Hakuna aliyemuuliza. Kila mtu Makongolosi anajua kifusi ni nini.

Jambo hilo liliutikisa mchezo wenyewe, maana handaki linaloporomoka ni moja ya hatari zake za kawaida. Ilibidi hatari ipande juu ya ardhi. Dhahabu ilipatikana mapema, na hadithi ikawa ya mgao: nani amebeba, nani amelinda, nani alikuwa mgonjwa siku ile na bado anadai mfuko wake. Kijana yule alisimama kama wakili. Aliuliza maswali ambayo kitabu cha kanuni hakina jibu lake, na ilitubidi tuyaamue wenyewe kwa kubishana hadi saa nne usiku.

Najua pingamizi lililopo. Wapo wanaosema mchezo usioumiza hauna ladha, na mwongozaji anayeuliza kila mtu anaogopa nini amefuta hatari yote. Sikubaliani nao. Kitendawili kina kushindwa, na mji unachukuliwa kweli. Wahusika wetu walipoteza punda, marafiki na karibu dhahabu yote. Kilichoondolewa ni hatari moja ambayo mmoja wetu alikuwa tayari ameilipia nje ya mchezo. Mwongozaji asiyeweza kuogopesha watu bila kifusi ana upungufu wa ubunifu, na asiwatupie wachezaji lawama.

Anayetaka kuanzisha kundi hahitaji mengi. Kanuni za msingi zipo bure mtandaoni, na dadu ipo kwenye simu. Siku ya kwanza kaa na wenzako, uliza nini kisiwepo, halafu usieleze sababu za mtu kwa niaba yake. Hesabu kimoyomoyo ni dakika ngapi umesema wewe na ngapi wamesema wao. Na dadu ikimwangusha yule anayesema "napita", mwombe mji. Akikupa Tunduma, ipokee, kisha umwache yeye aeleze ilivyo.