Safu ya Chini: Kusoma Bafu la Nkubu

Mgeni anayeingia bafu jipya huku Embu na Meru huinua macho. Hutazama kichwa cha shawa ya umeme, dari nyeupe, maua yaliyochorwa kwenye vigae. Mhakiki inambidi ainame. Chini ndiko maji yanakodai mteremko huku jicho likidai mstari ulionyooka, na jinsi mwekaji alivyoamua ugomvi huo huonekana kwenye safu ya kwanza ya vigae vya ukutani, ile inayogusa sakafu.

Bafu ninalolisoma liko Nkubu, katika nyumba ya mawe iliyopigwa plasta. Mwenye nyumba alilifanya kwa mikono yake, bila kuita fundi. Muundo wake unafahamika kwa yeyote aliyewahi kuingia duka la vifaa vya ujenzi katika miji hii: vigae vya sentimita 25 kwa 40, kahawia upande wa chini, rangi ya maziwa juu, na ukanda wa maua katikati. Tumeuzoea utatu huo kiasi kwamba hatuuoni tena kuwa ni uamuzi wa mtu. Una busara yake. Kahawia hustahimili udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya, ambao huingia ndani kwa kila kiatu na kila mguu, nayo rangi ya maziwa hutawanya mwanga haba wa kidirisha kimoja. Maua yenyewe, kusema kweli, ni pambo la mtu asiyejua anyamaze wapi. Lakini ukanda huo ni shahidi mzuri, kwa sababu hauna pa kuficha kosa.

Trapu ya sakafuni imewekwa pembeni, katika sehemu ya kuogea yenye upana wa sentimita 90. Uamuzi huo una uzito kuliko rangi zote. Trapu ikiwa katikati, sakafu hulazimika kuteremka kutoka pande nne, na kigae kikubwa kisichopinda hukatwa mshazari, mistari minne ikielekea shimoni kama mikunjo ya bahasha. Kuta nazo hubaki na msingi sawa. Trapu ikiwa pembeni, sakafu yote inaweza kuwa bapa moja lililoinama, wala haikatwi mshazari hata kidogo. Gharama huhamia ukutani. Kwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, pembe ya trapu huwa chini ya pembe jirani kwa karibu sentimita 2, na mtu lazima aamue tofauti hiyo aimalizie wapi.

Fundi mzoefu huimalizia katika safu ya kwanza. Hupigilia ubao ulionyooka kwa pimamaji mahali safu ya pili itakapoanzia, hupanda kutoka hapo hadi juu, kisha hurudi chini kukata vigae vya mwisho, kila kimoja kikizidi jirani yake kidogo kwa urefu kadiri anavyokaribia trapu. Anayejifunza huanzia sakafuni, kwa sababu sakafu inaonekana imara, na kila safu inayofuata hurithi mwinamo wa ile iliyoitangulia.

Nkubu tunazo njia zote mbili. Ukuta ulio karibu na mlango ulianzia sakafuni. Mistari yake yote imelala kuelekea trapu. Ukuta wa pili, wenye shawa, uko sawa kabisa, na vigae vyake vya chini vimekatwa kwa subira. Kwenye pembe kuta hizo zinapokutana, ukanda wa maua unapishana kwa upana wa kidole. Wengi wataiita aibu. Mimi naona hapo mpangilio wa kazi: mtu alianza mlangoni, akafika pembeni, akaona, akatafuta ubao. Ukivigonga vigae kwa sarafu, sauti inathibitisha. Ukuta wa mlangoni unatoa mlio wa utupu kwenye pembe za vigae, dalili ya gundi iliyowekwa kwa madonge. Wa pili unajibu kwa sauti nzito ya gundi iliyosambazwa kwa mwiko wenye meno.

Madonge hayo si suala la sauti tu. Kigae na grauti ya saruji havizuii maji, huyachelewesha. Vigae vya poseleni hunyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali kigae cha kawaida cha ukutani, nyuma ya mng'ao wake, kinaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10. Maji yanayopenya kwenye viungo hukaa katika nafasi zilizo tupu. Kinga halisi ni utando unaopakwa juu ya plasta kabla ya vigae: mkono wa kwanza, kisha wa pili ukikatiza wa kwanza, vipande vya kitambaa vikizamishwa kwenye pembe, trapu ikizibwa na sakafu ikijazwa maji kwa saa 24 ili kuijaribu. Ndiyo sehemu muhimu kuliko zote katika utunzi huu, na imefunikwa. Tunaisoma kwa dalili tu. Hapa dalili ni njema: hakuna chumvi nyeupe kwenye viungo, na rangi ya chumba cha kulala kilicho nyuma ya ukuta haijavimba.

Msanifu majengo Adolf Loos aliandika Vienna mwaka 1898 kwamba kifuniko kisidhaniwe kuwa ndicho kitu kinachofunikwa. Kwa kipimo hicho, sakafu za zamani za niru zilikuwa na uaminifu ambao seti za dukani hazina. Saruji laini ilisuguliwa kwa mwiko wa chuma kabla ya kukauka, na mteremko na uso vikawa kitu kimoja. Hakukuwa na gridi ya kulinda. Ziliteleza, ndiyo, na zilipata nyufa, lakini ufa ulionekana siku ileile.

Kosa ninalolihukumu zaidi Nkubu ndilo linaloonekana kidogo zaidi. Pembe za kuta, na mahali ukuta unapokutana na sakafu, zimejazwa grauti ileile ya viungo vingine. Ni kupenda ufanano: gridi isikatike popote. Ila kuta mbili hazitikisiki pamoja, na shawa ya moto asubuhi ya baridi ya Julai huzidisha tofauti. Grauti ngumu haiwezi kufuata, nayo imeshapata ufa mwembamba kama unywele kutoka sakafuni hadi kimo cha goti. Hapo palihitaji silikoni, hata kama rangi yake ingepishana kidogo na ya grauti. Bado inawezekana. Grauti ikwanguliwe yote, bafu lisitumiwe hadi pembe zikauke hadi ndani, na kazi ifanywe Januari au Februari kabla ya mvua za masika, kwa sababu silikoni haishiki kwenye ufa wenye unyevu.